Kongo kama Mlango wa Mashariki: Vitabu vya Kale vya Safari na Historia ya Nchi ya Waluba

Miongoni mwa vitabu vya kale ambavyo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huvishindania mnadani, mfululizo uliotolewa Frankfurt na ndugu wawili, Johann Theodor na Johann Israel de Bry, una nafasi ya pekee. Unajulikana kwa jina la India Orientalis, yaani India ya Mashariki, na tangu zamani umehesabiwa kuwa nguzo ya maktaba yoyote inayodai kukusanya habari za safari za mwanzo za Wazungu kwenda Mashariki. Hata hivyo, mtu akifungua sehemu ya kwanza ya mfululizo huo, iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1597 na kwa Kilatini mwaka 1598, hakutani na Goa, wala Malaka, wala visiwa vya viungo. Hukutana na ufalme wa Kongo.

Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Kwa Mreno wa karne ya 16, kwenda Mashariki kulikuwa kuizunguka Afrika kwanza, na Kongo ilikuwa moja ya vituo vya mwanzo katika njia hiyo. Ndipo ikafuata sehemu ya pili, ambayo ni safari ya Mholanzi Jan Huygen van Linschoten, aliyepitia kisiwa cha Msumbiji mwaka 1583 akielekea Goa, na ambaye kitabu chake kilikuwa kimetoka Amsterdam mwaka 1596. Kwa hiyo mkusanyaji wa vitabu vya Mashariki, apende asipende, hukusanya pia vitabu vya Afrika, na rafu yake huanzia upande wa magharibi wa nchi yetu.

Makala haya yanakusudia kuvitazama vitabu vya namna hiyo, majalada yake na watu waliovikusanya, tukiwa na nia moja mahsusi: kujua vina faida gani, na vina hasara gani, kwa mtu anayetaka kuandika historia ya nchi inayoizunguka Kamina. Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami tangu jimbo hilo lilipotengwa na Katanga mwaka 2015. Ulikuzwa na reli iliyofunguliwa mwaka 1928 kati ya Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Ni mji wa bara hasa, mbali na bahari zote mbili. Lakini kaskazini yake ndipo ulipokuwa moyo wa dola la Waluba, na nchi hiyo, chini ya jina la Urua, imo ndani ya vitabu vilivyovishwa ngozi na kupambwa kwa dhahabu katika mitaa ya London na Paris.

Tuanze na Kongo ya ndugu de Bry. Asili ya maandishi hayo ni masimulizi ya mfanyabiashara Mreno, Duarte Lopes, aliyefika Kongo mwaka 1578 na baadaye akatumwa Ulaya na mfalme Álvaro wa Kwanza kama balozi wake. Huko Roma alimsimulia Mtaliano Filippo Pigafetta, naye Pigafetta akayaandika na kuyachapisha mwaka 1591. Kabla hata muongo haujaisha, kitabu kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kiholanzi, Kiingereza, Kijerumani na Kilatini. Ndugu de Bry waliongeza michoro iliyochongwa katika mabamba ya shaba, na ni michoro hiyo, zaidi ya maneno, iliyokifanya kitabu kuwa kitu cha kutamaniwa. Ifahamike kwamba wachoraji hao hawakuwahi kuikanyaga Afrika. Watu wao wa Kongo wana misuli na mikao ya sanamu za Kirumi, na mmoja wa michoro hiyo unaonyesha bucha ya nyama ya watu, jambo ambalo mchoraji alilitoa katika maneno ya Pigafetta kuhusu Waanziko na kulijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Mwaka 1863, yaani zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley aliunakili mchoro huohuo katika kitabu chake juu ya nafasi ya binadamu katika maumbile. Uzuri wa uchongaji ulikuwa umeupa uzushi umri mrefu. Maneno peke yake huenda yangesahauliwa.

Hapa ndipo tunapoiona hatari ya kwanza ya kukusanya vitabu kwa sababu ya uzuri wake. Thamani ya sokoni huongezeka kwa ukamilifu wa michoro, na michoro iliyotiwa rangi kwa mkono huthaminiwa zaidi. Wapo hata wafanyabiashara ambao hukata kurasa zenye picha na ramani, wakaziuza mojamoja ili zitundikwe ukutani. Maandishi yanayobaki hayana mnunuzi. Mwanahistoria wa Afrika, kinyume chake, anayahitaji maandishi kwanza, na michoro anaihitaji kama ushahidi wa mawazo ya wachoraji, si wa maisha ya Waafrika.

Inafaa pia tuseme machache juu ya kujalidi, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kudhani kwamba jalada huzaliwa pamoja na kitabu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mchapishaji wa Ulaya kwa kawaida aliuza kurasa zikiwa zimeshonwa kwa kulegea tu, na mnunuzi ndiye aliyezipeleka kwa mjalidi wake. Huko Ujerumani na Uholanzi ilipendwa ngozi nyeupe iliyolainishwa, Uingereza ngozi ya ndama, na kwa wenye uwezo mkubwa ngozi ya mbuzi, ile ambayo Wazungu waliipa jina la Moroko. Kwa sababu hiyo jalada la kitabu cha kale halituambii kitu juu ya mwandishi. Linatuambia juu ya mwenye kitabu: nembo yake, kipato chake, na pengine jinsi alivyokidharau au kukiheshimu kitabu chenyewe. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa sanaa hii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palisifika katika karne za 18 na 19 kwa wanakili wa misahafu iliyotiwa nakshi, na katika Kiswahili neno jalada na kitenzi kujalidi ni ya zamani, kwa njia ya Kiarabu. Mwenye kutaka kulinganisha Siyu na London ana kazi nzuri ya kufanya.

Karne ya 19 ilileta mabadiliko. Wachapishaji walianza kuuza vitabu vikiwa tayari vimejalidiwa kwa kitambaa cha pamba kilichotiwa wanga na rangi, juu yake wakapiga chapa ya dhahabu: tembo, mtende, ngao na mikuki. Hachette wa Paris alijulikana kwa majalada mekundu ya namna hiyo, ambayo yalinunuliwa sana kama zawadi kwa watoto wa shule. Uingereza nako shule zilikuwa na desturi ya kukivua kitabu kitambaa chake na kukivisha ngozi ya ndama yenye nembo ya shule, kisha kupewa mwanafunzi bora kama tuzo. Vitabu vya safari za Afrika vilipendwa sana kwa kazi hiyo. Na juu kabisa ya ngazi hiyo walikuwako watu kama Stanley, ambaye kitabu chake juu ya safari ya kumwokoa Emin Pasha, cha mwaka 1890, kilitolewa pia katika nakala 250 za anasa, kila moja ikiwa na sahihi yake mwenyewe.

Sasa tuingie Urua.

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia mwaka 1873 ili kumsaidia Livingstone. Alipokuwa Unyanyembe, Oktoba mwaka huo, zilimfikia habari kwamba Livingstone amekufa. Akaendelea hadi Ujiji, ambako mwaka 1874 alizipata karatasi za marehemu, akaupima upande wa kusini wa ziwa Tanganyika, na Agosti akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Alitaka kuufuata mto huo hadi mwisho wake, lakini hakupata mitumbwi. Ndipo alipokutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na kwa msaada wake akageukia kusini, kumtafuta Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Oktoba 1874 aliingia Kilemba. Alikaa katika nchi hiyo miezi mingi, na Novemba 1875 akatokea pwani ya Benguela. Kitabu chake, Across Africa, kilitolewa London mwaka 1877 na Daldy, Isbister katika majalada mawili, na mwaka uliofuata Hachette akakitoa kwa Kifaransa kwa tafsiri ya Henriette Loreau.

Mwenyeji wake huko Kilemba alikuwa Juma bin Salum, aliyeitwa Juma Merikani. Cameron anamsifu kwa ukarimu kuliko wafanyabiashara wote wa pwani aliokutana nao bara. Jina la utani lilitokana na bidhaa yake: merikani, ile pamba nyeupe nzito ya viwanda vya Massachusetts, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa fedha halisi ya njia za misafara. Posho ya wapagazi, hongo ya watemi, bei ya mbuzi na ya mtumbwi, vyote vilihesabiwa kwa mikono na doti za kitambaa. Na kitambaa cha pamba, kilichofumwa katika nchi nyingine na kutiwa rangi nyingine, ndicho pia kilichovishwa vitabu vya safari kabla tajiri hajakivua na kuweka ngozi. Wakusanyaji wa leo wanajua hivyo, kwa maana nakala iliyobaki na kitambaa chake cha awali mara nyingi hupewa bei kubwa kuliko ile iliyojalidiwa upya, hata kwa ngozi bora.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kitabu cha Cameron kina jambo jingine la maana, nalo ni majina. Nchi anaiita Urua, watu Warua, lugha Kirua. Hivi si viambishi vya Kiluba. Mluba mwenyewe husema Baluba na Kiluba. Ni Kiswahili cha misafara kilichoibatiza nchi hiyo upya, na Cameron, ambaye msafara wake uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, aliisikia nchi nzima kupitia sikio la Kiswahili. Ziwa Kisale, ambalo aliliona kwa mbali tu, analiandika Kassali. Kwa hiyo kitabu hiki, chenye jina la Mwingereza katika mgongo wake kwa herufi za dhahabu, kwa kiasi kikubwa ni kumbukumbu ya mazungumzo ya Kiswahili yaliyofanyika katika nchi ya Waluba zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Mtu anayetafuta mwanzo wa Kiswahili katika Katanga hana budi kukipitia, hata kama anajua kwamba Kiswahili cha migodini na cha reli kilijengwa baadaye, na kwa njia nyingine.

Je, tumwamini Cameron? Kwa maoni yetu, tumwamini kwa vipimo. Anapomchora Kasongo kuwa dhalimu aliyelewa madaraka, tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa amekwama, anangoja ruhusa siku hata siku, huku mwenziwe wa njiani, mfanyabiashara José Antonio Alvez, akimchelewesha zaidi kwa sababu alikuwa amemwahidi Kasongo kumjengea nyumba. Mtu aliyekwama haandiki kwa haki juu ya mwenyeji wake. Lakini kuna kurasa ambazo hatuna ruhusa ya kuzipunguza. Cameron aliona kundi la wanawake 52 waliofungwa pamoja kwa kamba, walioletwa na Coimbra, mtu wa Alvez. Alikadiria kwamba ili kuwapata hao, vijiji visivyopungua 10 viliteketezwa, vyenye watu wapatao 1,500 kwa jumla. Tarakimu ya pili ni makisio yake. Ya kwanza aliihesabu kwa macho. Wanawake hao hawana majina katika kitabu. Walikuwa raia wa nchi hii, na ni mahali pachache mno palipoandikwa kwamba waliishi.

Septemba 1876, mfalme Leopold wa Pili aliita mkutano wa jiografia mjini Brussels, na Cameron alikuwa mmoja wa walioalikwa. Yaliyofuata yanajulikana. Vitabu vya safari vilikuwa sehemu ya matayarisho, na rafu ya Katanga ilizidi kujaa: Joseph Moloney alitoa mwaka 1893 habari za msafara wa Stairs, ule ambao mbele yake Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na Alexandre Delcommune alichapisha kumbukumbu zake Brussels mwaka 1922. Hivi navyo hukusanywa, ingawa kwa shauku ndogo zaidi.

Kando ya vitabu hivi vya fahari vipo vingine vilivyovaa kimaskini. Mwaka 1901, Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, alitoa Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo wenyeji wa pwani wanasimulia safari zao wenyewe: Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya Udoe na Uzaramo, Sleman bin Mwenye Chande juu ya bara, na Salim bin Abakari juu ya safari yake ya Urusi na Siberia, aliyoifanya mwaka 1896 akiwa na bwana wake, Dk. Bumiller. Mwaka 1902 na 1903, jarida la chuo hichohicho cha Berlin lilichapisha maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, chini ya uangalizi wa Heinrich Brode. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck kwa Kifaransa mwaka 1974, pamoja na maelezo mengi ambayo kila mtafiti wa Kongo ya mashariki huyategemea.

Tukizungumzia safari za kale za Mashariki, basi safari ya Salim bin Abakari ni ya Mashariki kwa maana kamili: Mswahili anavuka Urusi, anaingia Siberia, anateremka Asia ya Kati, anatazama watu na kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili. Lakini katika orodha za minada mashuhuri ya vitabu vya Mashariki, kama ule wa maktaba ya Henry Blackmer mwaka 1989 au wa Atabey mwaka 2002, zinazotangazwa ni ngozi, ramani na nembo za makabaila. Kitabu cha shule cha Göttingen hakina vitu hivyo. Mkusanyaji huvutwa na jicho, na jicho halijui Kiswahili. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu. Bila watu kama Quentin Keynes, ambaye vitabu vyake vya wavumbuzi wa Afrika viliuzwa London mwaka 2004 baada ya kifo chake, karatasi nyingi zingeliwa na panya katika dari za nyumba za Uingereza. Tunachosema ni kwamba kipimo chao si kipimo chetu.

Waluba nao walikuwa na kitu ambacho, kwa kukosa neno bora, tutakiita kitabu. Lukasa ni ubao wa mkono, mwembamba kiunoni, uliopambwa kwa shanga na makombe au kwa alama zilizochongwa. Watu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono mmoja, wakapitisha kidole cha mkono wa pili juu ya shanga, na kila ushanga ukawa mfalme, au mji mkuu, au safari ya shujaa Kalala Ilunga. Hakuna wasomaji wawili waliosoma lukasa moja kwa maneno yaleyale, kwa kuwa usomaji ulitegemea mahali, wakati na wasikilizaji. Mbao hizi nazo zilikusanywa, zikapelekwa katika majumba ya makumbusho na kwa watu binafsi, na mwaka 1996 zilikuwa kiini cha maonyesho makubwa ya New York juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba, yaliyotayarishwa na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya maonyesho yale ni wa kuheshimiwa, hasa kwa kuwa uliwasikiliza Wambudye wenyewe. Lakini lukasa nyingi ziliondoka nchini bila msomaji wake. Ubao unabaki, ni mzuri, una bei. Habari iliyokuwa chini ya kidole haikusafiri nao. Hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kitabu kilichokatwa picha zake, kwa sababu nakala ya pili ya kitabu huweza kupatikana.

Leo nakala za Cameron, Pigafetta na Velten zimepigwa picha na maktaba za ng'ambo na huweza kusomwa kwa njia ya intaneti. Kwa mwanafunzi wa Kamina hii ni nafuu kubwa, pale umeme na mtandao vinapokubali. Hata hivyo nakala hizo zina kasoro inayojulikana na kila aliyezitumia: ramani kubwa zilizokunjwa mara nyingi zilipigwa picha zikiwa zimekunjwa vilevile, kiasi kwamba njia ya Cameron kati ya Lualaba na Kilemba hukatika katikati ya mkunjo. Majalada nayo, pamoja na saini na stempu za wenye vitabu, huachwa nje mara nyingi.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi tatu. Ya kwanza ni kufasiri kwa Kiswahili sura za Cameron zinazohusu Urua, zikiwekwa bega kwa bega na kurasa za Tippu Tip zinazosimulia kukutana kwao Nyangwe. Waandishi hao wawili walikaa kambi moja, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kumwonyesha mwenzake alivyotaka. Ya pili ni kuyapeleka majina ya mahali na ya watu yaliyomo kwa wazee wa Kabongo na Kinkondja, ambao wanaweza kusema lipi ni la Kiluba, lipi limepindwa na ulimi wa pwani, na lipi limepindwa na kalamu ya Mwingereza. Ya tatu, ambayo haihitaji fedha nyingi, ni kukusanya hapahapa vitabu visivyo na dhahabu: vitabu vya Kiluba vya misheni, vya hesabu na dini vya shule za zamani, miongozo ya wafanyakazi wa reli, mengi ya hayo yakiwa na saini za wenyewe katika ukurasa wa kwanza. Mchwa wa Haut-Lomami hawabagui ngozi ya mbuzi na karatasi ya gazeti, na vitabu hivi, tofauti na vile vya de Bry, havina nakala ya akiba Frankfurt.